Mtoto wa Kulazwa Kifudifudi

Mliponiaga mlichinja mbuzi, mkaimba, wengine mkalia, na kesho yake asubuhi mkaja kunigongea mlango kuniuliza mkasi wa kitovu uko wapi. Uko kwenye sufuria ndogo, rafu ya juu, pale ulipokaa miaka yote. Nimeona basi, kabla hamjaja kuuliza la pili, niwaandikie mengine ninayoyakumbuka. Kichwa changu bado kizima. Ni miguu tu iliyoomba kupumzika.

Nilipandishwa cheo mara ngapi na nililipwa nini, hayo hayatawasaidia mkiwa mmepiga magoti mbele ya mzazi. Katika chumba cha wazazi vyeo ni viwili tu: kuna anayepokea mtoto na kuna anayeleta maji. Mimi nilianza na maji.

Nilikuja misheni nikiwa msichana, nimekwisha kuzoea kazi kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mkunga wa kijiji chetu huko juu, ambako ukungu hauondoki mpaka jua limepanda. Nilijiona najua kila kitu. Sista Benedikta, Mjerumani mrefu mwenye nyusi nyeupe, hakuniuliza ninajua nini. Aliishika mikono yangu akainusa, kisha akanionyesha beseni. Nikaosha. Akainusa tena, akanionyesha beseni tena. Siku ile sikumgusa mzazi hata mmoja. Nilirudi nyumbani vidole vimekunjamana, nikamwambia bibi kwamba hawa Wazungu wana wazimu.

Bibi hakucheka. Aliniuliza, "Wanawake wao wanashikwa na homa wakishazaa?"

"Sijaona bado."

"Basi kesho nenda ukaoshe tena."

Hao wawili ndio walimu wangu, na hawakuonana ila mara chache, kanisani, wakasalimiana kwa kichwa tu kama majumbe wa nchi mbili. Kutoka kwa Sista nilipata maji ya moto, sabuni, mkasi uliochemshwa na uzi safi. Kwa bibi nilipata viganja. Bibi alikata kitovu kwa bua la mtama, na hilo nililiacha upesi. Lakini aliweza kuweka mikono juu ya tumbo, akafumba macho, akakwambia kichwa kiko wapi, mgongo uko wapi, na kama mtoto amelala upande, alimsukuma taratibu kwa mafuta ya nyonyo mpaka akageuka. Mara ya kwanza nilipolifanya hilo mbele ya Sista, kwa mama mmoja wa Kilakala aliyekuwa amekwisha kuagwa na ndugu zake, Sista alisimama akitazama mikono yangu mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Nifundishe." Tangu siku hiyo alikoma kuninusa mikono.

Mnaoanza kazi, shikeni na hili: mzazi akikwambia anakufa, mwambie hafi, halafu fanya kazi ili usiwe mwongo.

Reli ilipofika Morogoro mambo mengi yalibadilika. Sabuni na vitambaa tukawa tunavipata kwenye maduka ya Wahindi mjini, hatungoji tena mizigo ya misheni ije kwa vichwa vya wapagazi. Lakini wanaume wetu wakafuatana na reli kuelekea magharibi, na wanawake wakawa wanakuja kuzaa bila waume. Monika alikuwa mmoja wao. Mumewe alikuwa huko mbele ya Kilosa akibeba mataruma ya kulalia reli. Mama yake alikuwa amekufa. Mkubwa wake aliyebaki ni mjomba wake, mzee Mloka, ndugu wa marehemu mama yake.

Kwa ninyi mliotoka pwani lazima nieleze. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba anampenda, anamlisha, lakini ukoo ni wa mama na mwenye kauli ni mjomba. Nyumba isiyo na binti imekwisha, hata ikiwa imejaa wanaume. Na anayepewa jina la marehemu anakaa mahali pake, anaamkiwa kama yeye mwenyewe. Katika nyumba ya Mloka binti aliyebaki alikuwa Monika peke yake, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Alizaa asubuhi, kwa wepesi, wala hakupiga kelele. Mtoto akatelezea mikononi mwangu, na nilipomgeuza nimfute uso, mikono yangu ilisimama. Macho yalikuwa yameinama kwa pembeni, yakishukia mashavuni, na mashavu yenyewe hayakuwa na mfupa. Kidevu kilikuwa kidogo mno, kimerudi nyuma karibu na shingo. Mahali pa masikio palikuwa na vinundu viwili vya nyama, bila tundu. Nilitia kidole mdomoni nikakuta kaakaa lina mwanya. Kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa mtoto mzuri kuliko wengi niliowapokea, mnene, amekamilika vidole, msichana.

Alilia mara moja. Kisha nikamlaza chali, kama tunavyowalaza wote, akaanza kuvuta pumzi kwa shida, kifua kinaingia ndani, midomo inageuka rangi. Nikamsafisha koo, haikusaidia. Nikamwinua, nikampiga miguu. Hapo Sista, aliyekuwa kando yangu, akamnyakua, akamgeuza kifudifudi juu ya mkono wake, uso chini, miguu huku na huku. Mtoto akapumua. Tukamwangalia akirudiwa na rangi yake.

"Ni ulimi," Sista akasema. "Kidevu hakina nafasi, ulimi unaanguka nyuma unaziba. Huyu asilazwe chali hata kidogo."

Alikuwa amewahi kumwona mtoto mmoja wa namna hii kwao, alipokuwa mwanafunzi. Nikamuuliza ugonjwa huu unaitwaje. Akasema hata madaktari wa kule hawakuwa na jina lake, walikuna ndevu tu. Nikamuuliza yule mtoto ilikuwaje. Akasema, "Hatukujua kumlaza," akaenda kuchemsha kijiko.

Monika akaomba mtoto wake. Sikilizeni vizuri hapa. Msimfunike mtoto wa namna hii usoni mkampa mama, akaja kufunua mwenyewe. Mwonyesheni ninyi, mkiwa mmekaa naye, na mumtaje kila kitu alichonacho. Nilikaa kitandani nikamwambia, "Una binti. Uso wake haukukamilika kuumbwa. Pumzi anayo, moyo anao, na ameshika kidole changu hataki kukiachia." Alimtazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaushika mguu mdogo, akasema, "Unyayo wa mama huu." Nililia, na sioni haya kulisema.

Kunyonya hakuweza. Maziwa yalirudi puani. Tukawa tunayakamua kwenye kikombe, tunamkalisha wima, tunapitisha kijiko pembeni mwa shavu tone kwa tone, tunangoja ameze, tunapitisha tena. Kulisha mara moja kulikuwa kazi ya kuumiza mgongo, na ukimaliza, karibu umefika wakati wa kuanza tena. Mara moja alipaliwa akawa mweusi kabisa, nikaweka mdomo wangu kwenye pua yake nikavuta maziwa nikatema. Niliogopa siku ile kuliko siku zote za kazi yangu. Monika alijifunza upesi, na mkono wake ukawa mtulivu kuliko wangu.

Habari ilimfikia mjomba kabla kondo la nyuma halijatoka. Misheni yetu, mnavyojua, haihitaji simu ya Mdachi. Mloka akaja na wazee wawili wa ukoo, akakaa kwenye gogo nje ya chumba cha wazazi. Msimfikirie kuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mpole, mkulima hodari, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Agata," akaniambia, "wewe ni mtoto wa huku. Unajua kigego hakikai nyumbani."

"Kigego ni mwenye kuota meno ya juu kwanza, mzee. Huyu hana hata jino."

"Huyu ni zaidi ya kigego. Amezaliwa bila masikio. Atatumalizia watu. Mimi nina binti mmoja tu, nikimpoteza na yeye nitafanya nini?"

"Mtoto huyu naye ni binti."

Alisema ametuma mtu upande wa Mgeta kumwita mtani wao, Bi Semeni.

Nilipolisikia jina hilo nikajua nini kimepangwa. Utani mnaujua, hata pwani upo, lakini kwetu una kina. Ukoo wako na ukoo wa watani wako mnatukanana msibani, mtani anaingia ndani kwako anachukua kuku akaondoka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mtani ndiye anayekuzika. Na mtoto anayeogopwa, ndugu zake hawamgusi. Wanamkabidhi mtani mbele ya watu, mtani anaondoka naye kuelekea msituni, anarudi mikono mitupu, na hakuna anayeuliza. Kwa hiyo nyumbani hakuna mwenye damu mikononi.

Nilikwenda kwa Sista nikiwa nawaka. Nilitaka twende mjini kwa akida, alete askari wenye bunduki wakae mlangoni. Sista hakuwa mwanamke wa kupoa, lakini siku ile alipoa yeye nikachemka mimi.

"Askari atakaa," akasema. "Halafu ataondoka. Mtoto atarudi kijijini na mama yake, na hapo?"

Nikaifungua kanga niliyokuwa nimekwisha kuifunga kwa safari.

"Hakuna mtu ambaye mzee huyu hawezi kumkatalia?" Sista akauliza.

Nikafikiri. Alikuwapo mmoja tu, na ndiye yule yule aliyekuwa njiani akija kumchukua mtoto.

Nilimpokea Bi Semeni kwenye shamba la kahawa la misheni, njia inapoingia. Alikuwa mama mfupi, mweusi tititi, kiko mdomoni, na sauti yake ilitangulia kufika. Alikuwa anawatukana ukoo wa Mloka tangu bondeni: wachoyo, wala viazi vibichi, wanamwita mtu safari yote ile bila hata kumtumia ndizi ya njiani. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamwambia yote, nikamwambia pia jinsi ya kumlaza.

Akatoa kiko mdomoni. "Mwanangu, unaniomba niache kazi niliyoitiwa?"

"Nakuomba umtazame kwanza, mama."

"Mtani haombwi," akasema, akanipita.

Nilimfuata kwa haraka. Alipoingia, Monika alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, akajibana ukutani. Bi Semeni akainama, akamtazama mtoto usoni, karibu sana, kwa muda. Wote tuliokuwa tumemwona mtoto yule tulikuwa tunasema kwa kunong'ona. Bi Semeni hakunong'ona.

"Lo!" akasema. "Huyu si ndiye Mloka mwenyewe akinyimwa pombe? Tazama anavyoninunia!"

Monika akacheka. Alicheka na machozi yanamtoka, na mimi nikacheka, na hata Sista, ambaye hakuelewa vizuri, akageukia dirishani mabega yakitikisika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuutaja uso ule kwa sauti.

"Nipe," Bi Semeni akamwambia Monika, safari hii kwa upole. Monika akanitazama. Sikuwa na uhakika wowote, lakini nilimwona mama yule amekunja mkono tayari, kiganja juu, kama nilivyomweleza njiani. Nikatikisa kichwa kukubali. Mtoto akalazwa kifudifudi juu ya mkono wa mtani, wakatoka nje.

Mloka na wazee wakasimama.

"Mmenipa?" Bi Semeni akauliza.

"Tumekupa," Mloka akasema, anatazama chini.

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa."

"Basi ni wangu. Na sikilizeni, enyi wavivu wa kufikiri. Msituni siendi, nina baridi yabisi. Nampeleka kwangu. Ni msichana huyu, hamkuona? Atakua, atazaa. Watoto wake watakuwa wa ukoo wangu, watalima mashamba yangu, watanililia mimi nikifa. Mmenipa nyumba nzima kwa mkono mmoja. Ahsanteni!"

"Hataishi, Semeni," mzee mmoja akasema.

"Akifa ni wangu. Akiishi ni wangu. Wewe inakuhusu nini?"

Mtani akisema, amesema. Ukikasirika umeuvunja utani wenyewe, na watu watakucheka mpaka pwani.

Bi Semeni hakuondoka naye, bila shaka, maana mtoto alihitaji maziwa ya Monika na kijiko chetu. Alihamia chumba cha wazazi yeye mwenyewe, akavuta kiko dirishani, Sista akampigia kelele, akavutia nje. Kila alipojisikia alikwenda nyumbani kwa Mloka, akaingia bila hodi, akatoka na mkungu wa ndizi au kuku. "Chakula cha yaya wangu," alisema, maana Monika alimwita yaya. Na kila alipopita alitangaza njiani: mtoto wangu leo ameongezeka uzito, mtoto wangu leo ameshika kiko changu, ninyi mliomtupa mpo? Wanawake mtoni wakaanza kumuuliza Mloka habari za mtoto wa Semeni. Hata mumewe Monika, aliporudi kutoka kwenye reli na kumbeba binti yake nusu siku, ilimbidi kwanza amwombe Bi Semeni ruhusa. Akapewa, pamoja na matusi.

Mvua zikaja zikaisha. Mtoto akawa na shingo ngumu, akawa anatufuata kwa macho yake yale ya kuinama. Monika hakufa, wala hakufa mtu mwingine nyumbani kwa Mloka. Mahindi yalikubali. Mimi niliendelea na wazazi wengine, maana wanawake hawaachi kuzaa kwa sababu wewe una shughuli.

Ndipo siku moja Mloka akaja amevaa kanzu, na wale wazee wake, wanavuta mbuzi jike. Bi Semeni alikuwa amekaa kwenye lile gogo, mtoto amelala kifudifudi mapajani mwake. Hakusimama.

"Nimekuja kukomboa," Mloka akasema.

"Kukomboa nini? Mlinipa kitu kisicho na jina. Sina kitu chenu hapa."

"Mtoto."

"Watoto ni wengi. Nenda ukamchague huko mjini."

Mzee alisimama pale na kamba ya mbuzi mkononi. Tulikuwa tumekusanyika, wagonjwa, wafagiaji, Sista mlangoni. Monika alikuwa nyuma yangu, ameshika kanga yangu. Mzee akasafisha koo. Alipotoa sauti, aliitoa kwa nguvu ili wote wasikie.

"Huyu ni Mwavita. Nampa jina la dada yangu. Ni mwana wa Monika, mwana wa dada yangu Mwavita. Ni wa nyumbani kwetu. Nilikosea kumtoa."

"Rudia, sikusikia. Uzee huu."

"Semeni!"

"Rudia."

Akarudia. Bi Semeni akasimama, akampangusa mtoto mdomo kwa ncha ya kanga, akamtazama kidogo, na nadhani pale ndipo utani ulipomshinda, maana alinyamaza. Akamweka mikononi mwa Mloka.

Mloka akampokea, akamlaza chali kama mtu yeyote. Pumzi ya mtoto ikakwaruza. Kabla sijafika, Monika, ambaye hakuwahi kumjibu mjomba wake maishani, alimshika mzee kiwiko akamgeuza. "Hivyo unamuua, mjomba. Hivi. Uso chini, miguu huku na huku." Mzee akafanya alivyoambiwa. Alisubiri mpaka pumzi ikatulia, ndipo akathubutu kupumua na yeye.

Niliwasindikiza mpaka njia panda. Mloka alitangulia, mkono umenyooka mbele, hatua za mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Pale tulikutana na wanawake wanapanda kutoka sokoni Morogoro, wengi wao wa ukoo ule ule, matenga matupu vichwani. Walipoona amebeba nini wakasogea ukingoni mwa njia. Mmoja akageuza uso. Monika akataka kumfunika mtoto kwa kanga, Mloka akaiondoa ile kanga. Akamwinua mtoto taratibu, akamkalisha wima kifuani kwake ili uso wote uonekane.

"Mtazameni," akasema. "Mkimaliza, msalimieni. Huyu ni Mwavita, dada yangu. Mnajua wote alikuwa nani kwenu."

Wanawake walitazamana. Kisha yule mkubwa wao, mwenye mvi, akateremsha tenga lake, akapiga goti pale njiani mbele ya kichanga kile.

"Shikamoo, mama," akasema.

Wengine wakateremsha matenga, mmoja mmoja. Shikamoo, mama. Shikamoo, mama. Mtoto aliwatazama wote kwa macho yake ya kuinama, na kwa kuwa hakuwa bado na maneno, Mloka alimjibia.

"Marahaba, wanangu."